Unapata Choo?

Kiti cha msindikizaji kilikuwa kimoja kwa kila mgonjwa, na dada wa mgonjwa hakuwahi kupitwa na kiti maishani mwake. Alikikalia kwa mapana, mkoba mapajani. Mke wa mgonjwa akabaki amesimama mbele ya wifi yake huyo.

Katikati yao, kwenye kiti kirefu cha kuegemea, alilala Nondo. Jina hilo alipewa kazini, kwenye majengo, enzi alipokuwa akikunja chuma kwa mikono huku wenzake wakihangaika kutafuta koleo. Sasa saratani ya kongosho ilikuwa inamkunja yeye. Alishapata dripu ya kwanza ya dawa ya kuipiga. Leo alikuja kwa ya pili. Midomo ilimkauka ikapasuka, lakini shingo aliisimamisha kama mtu anayepigwa picha.

"Ukifungua kinywa chako humu," wifi alimnong'oneza mke, "undugu umevunjika."

"Undugu upi? Nionyeshe kwanza niuone, ndipo uuvunje."

Ugomvi wao ulikuwa wa tumbo. Siku ya dripu ya kwanza nesi aliwapa vidonge vya kuzuia kuharisha, akawaambia bila kuficha: dawa hii inaweza kulifungulia tumbo kama bomba lililopasuka. Likianza tu, ameze vidonge, anywe maji kwa wingi. Na lisipokoma, au homa ikipanda, wasikae nyumbani, waje. Tumbo lilifunguka kweli. Wifi, aliyehamia kwao kuja kuuguza, akavitwaa vidonge akavificha. Kwake yeye kuharisha ndiko kupona: uchafu wa ugonjwa unatoka, na anayeuzuia anaufungia ndani. Mke alipovidai, akaambiwa ananyemelea urithi. Alipotaka kumleta mumewe hospitali, Nondo mwenyewe aligoma. Mwanamume mzima, apelekwe kwa daktari kwa ajili ya choo?

Tena wifi alikwisha kusikia kwamba mwenye tumbo bovu hatundikiwi dripu, hurudishwa. Ndiyo maana njia nzima alihubiri: dripu ikikosekana leo, ugonjwa unapata nafasi ya kumea.

Nesi akaja akisukuma kitoroli, amevaa glavu nene na joho la plastiki. Dawa ilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mfuko mwingine.

"Habari za nyumbani, baba?"

"Nzuri."

"Homa je?"

"Hamna."

"Unapata choo?"

"Napata."

Mke akaguna. Eti anakipata! Choo ndicho kilichompata yeye, kikamkaba mchana na usiku, kikamwacha anatambaa ukutani.

"Kikoje, hicho choo?"

"Kizuri tu," wifi akadakia, "juzi tumekipaka rangi."

Nesi akaangua kicheko. Nondo naye akacheka, na mgonjwa wa kiti cha jirani akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kikapita juu ya swali kama gari juu ya shimo, na nesi, bado anatabasamu, akanyoosha mkono kuuchukua mfuko wa dawa.

Mke akaushika mlingoti wa dripu kwa mikono miwili.

"Usitundike. Anaharisha. Maji matupu! Jana hakufika hata mlangoni. Na tangu alfajiri anaungua."

"Mwongo huyo!" Wifi aliruka kitini. "Sista, usimsikilize, ana kiu ya kuitwa mjane."

"Nitaitwa, wewe ukiendelea kumuuguza."

"We mwanamke," Nondo alisema, sauti inamkwaruza, "unanivua nguo mbele za watu?"

"Nguo zako nimezifua mimi. Nazijua kuliko wewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nesi alimchomeka Nondo kipimajoto kwapani, kisha akambana ngozi ya mgongo wa mkono kwa vidole, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama, kama kunjo la kitambaa linalosubiri pasi. Akakitoa kipimajoto, akakisoma, uso ukambadilika.

"Vidonge nilivyowapa mlivitumia?"

Wifi akainua kidevu. "Nimeviweka mimi. Vinafungia ugonjwa ndani."

"Dada, kinachotoka si ugonjwa. Ni maji ya mwili wake na chumvi yake. Saratani haitoki kwa njia ya choo. Hii dawa ikimwingia leo, katika hali hii, inaweza kumuua kabla ya huo ugonjwa." Akaurudisha mfuko kitorolini, akapaza sauti daktari aitwe, kisha akatundika chupa ya maji. "Analazwa. Dawa itasubiri mpaka tumbo litulie, na damu ionyeshe kwamba kinga yake imerudi."

"Umefurahi?" wifi alimgeukia mke. "Umemnyima ndugu yangu dawa."

"Nimemnyima, ndiyo. Na kesho nitamnyima tena."

"Wodini anabaki mtu mmoja," nesi alisema. "Nani?"

Wote wawili wakapiga hatua mbele, bega kwa bega, hakuna aliyempisha mwenzake. Nesi akamtazama Nondo. Naye alimwangalia dada yake, aliyembeba mgongoni udogoni na ambaye angepigana na dunia nzima kwa ajili ya mdogo wake. Kisha akafumba macho.

"Abaki huyu mke wangu. Ana mdomo mchafu. Mimi siwezi kuyasema hayo."

Wifi akaubana mkoba kwapani. "Akifa, usinitumie mtu."

"Nitakutumia akipona," mke alijibu, "maana ndiyo habari itakayokuuma."

Visigino vikamtoa wifi vikigonga sakafu mpaka mlangoni. Mke akakivuta kile kiti, akakaa.

"Hasira zangu na wewe hazijaisha," Nondo alisema, macho bado yamefumbwa.

"Kaa nazo," akamwambia, akimwekea kikombe mdomoni. "Kunywa."