Mizani Kwanza, Mkono Baadaye

Karatasi ile ilibandikwa ukutani juu kidogo ya meza ya Mama Kiini, na kwa wiki tatu hakuinua macho kuitazama vizuri. Alijua ilipo, kama mtu anavyojua alipokaa mgeni ambaye hataki kumsalimia. Ilikuwa na maneno machache ya wino mzito wa bluu: Mizani kwanza, mkono baadaye. Hata kama mizani huihitaji bado. Mwandiko ulikuwa wa wifi yake.

Karakana hiyo iliunda mashine za kuchanganya rangi za nyumba. Mnunuzi anachagua rangi, mashine inapima matone kwenye mizani, kisha mkono wa chuma unalibeba kopo na kulikoroga. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mkuu, hakutaka programu za kununua. Miaka tisa nyuma alimchukua mwanamke aliyekuwa akitengeneza redio, aliyejifundisha kuandika programu kwa vitabu vya kuazima, akamwambia amtengenezee mfumo endeshi mdogo wa kuendesha mashine zake. Sehemu ya ndani kabisa, ile inayogawa zamu kati ya kazi na kazi, mwanamke yule aliiita kiini. Mafundi wakamwita Mama Kiini, na jina likamkaa.

Wifi yake alikuja mwaka huu, na masanduku mawili na shahada moja. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe. Alisema atakaa nao miezi miwili hadi apate chumba chake, na sasa ulikuwa wa sita. Mama Kiini mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa Mkuu na kumwombea kazi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: hakuwa na wa kumlaumu.

Kwanza mafundi walimwita Profesa kwa utani. Baada ya mwezi wakawa wanamwita hivyo bila kucheka.

Kilicholeta karatasi ukutani kilikuwa semafori. Semafori ni namba tu, iliyowekewa masharti. Kazi inayotaka kutumia kifaa huiendea namba ya kifaa hicho. Ikiikuta ni moja, inaigeuza sifuri na kuingia. Ikiikuta ni sifuri, inalala pale pale, hadi aliyeingia amalize na kuirudisha kuwa moja. Kwa njia hiyo kazi mbili hazigombanii kifaa kimoja. Mama Kiini aliweka semafori moja kwa mashine nzima, na kwa miaka tisa haikumwagika rangi hata tone kwa kosa la programu. Kazi ya kuchanganya ikiwa ndani, kazi ya kuosha, ile inayosafisha mkono wa chuma kwenye beseni, inalala. Ya kuosha ikiingia, ya kuchanganya inalala.

"Wifi, mbona mkono unakaa bure wakati mizani inapima?" yule binti alimuuliza wiki yake ya pili. "Tukiweka semafori mbili, moja ya mizani na moja ya mkono, kopo la pili litaanza kupimwa wakati la kwanza linakorogwa."

"Litaanza kupimwa na litaanza kumwagika," alijibu Mama Kiini.

Halikumwagika. Kopo lililochukua dakika nne likachukua mbili na kidogo. Mkuu alisimama mbele ya mashine na saa mkononi, akarudia mara tatu, akageuka kwa mafundi. "Kumbe miaka yote hii tulikuwa tumelala," alisema. Hakumtazama mtu yeyote aliposema hivyo, lakini Mama Kiini aliyahisi maneno hayo usoni kama mvuke wa sufuria. Siku hiyo hiyo Mkuu akasema kiini kitakuwa mikononi mwa Profesa, kwa majaribio, hadi mteja mkubwa aje kuipokea mashine mpya. Baada ya hapo ataamua moja kwa moja.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Mumewe alikuwa seremala, mtu asiyejua semafori wala kiini, na kwa miaka tisa aliitikia habari za kazi yake kwa "ehee" na "basi vizuri". Sasa mezani alikuwa anauliza maswali.

"Kwa hiyo ile namba ikiwa sifuri, mwingine anasubiri mlangoni?"

"Ndiyo, kaka. Kama choo chetu ukiwa umeingia wewe na gazeti."

Walicheka hadi mumewe akapaliwa. Mama Kiini alimpa maji. Alikuwa amemweleza jambo hilo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa yao, juu ya kitanda chao, kwa kuchora, naye akasinzia.

*

Mashine ilisimama siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Haikupiga kelele, haikuonyesha kosa lolote kwenye skrini. Mkono ulibaki hewani juu ya beseni la kuoshea, kopo likabaki kwenye mizani, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni shwari.

"Imeamua kutafakari," alisema Bwana Nati, fundi wa vyuma, ambaye hakuna bolti ya mashine ile iliyofungwa bila yeye.

Waliizima, wakaiwasha, ikafanya kazi vizuri. Saa nane ikasimama tena, vile vile. Mteja alikuwa anakuja Alhamisi.

Mkuu aliwaita wote. "Miaka tisa haijawahi kufanya hivi. Kilichobadilika ni nini?"

Kila mtu alikuwa anajua kilichobadilika. Wifi yake alisimama na mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ni semafori mbili," alisema kwa sauti ndogo. "Kosa litakuwa langu, Mkuu. Nipe leo na kesho nilitafute."

"Sina kesho ya kukupa. Mama Kiini, rudisha semafori yako moja. Keshokutwa asubuhi usome badiliko hilo mbele yetu. Na kiini kirudi kwako. Profesa atatengeneza kurasa za skrini."

"Sawa, Mkuu," alisema Mama Kiini, kwa upole wake wa kila siku. Lakini ndani mwake kulikuwa na sherehe. Jioni alipika mwenyewe, akaimba kidogo jikoni, na wifi yake aliposema hana njaa akamwambia, "Kula, wifi. Mambo haya humpata kila mtu." Alijisikia akiyasema maneno yale, na yalikuwa matamu kupita chakula.

Jumanne angeweza kumaliza kazi kabla ya mchana. Kurudisha semafori moja kulihitaji kufuta mistari michache tu. Lakini Mama Kiini hakuwahi kufuta kitu bila kujua kwa nini anakifuta. Safari hii alikuwa na sababu ya pili: alitaka kumwonyesha Mkuu, kwa mistari na mishale, mahali hasa Profesa alipokosea.

Akafungua daftari lake na kuchora jedwali. Safu ya kwanza, jina la kazi. Ya pili, imeshika nini. Ya tatu, inasubiri nini. Mashine iliposimama, kazi ya kuchanganya ilikuwa imeshika mizani na inasubiri mkono. Aliandika. Chini yake akaandika kazi ya kuosha: imeshika mkono, inasubiri mizani.

Akaweka kalamu chini.

Kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, na hakuna anayeachia hadi apewe. Wangesubiriana hadi umeme ukatike. Hilo aliliona mara moja. Kilichomchukua muda kidogo kukiona ni kwamba kazi ya kuchanganya, iliyoandikwa na wifi yake, ilifuata karatasi ya ukutani: mizani kwanza, mkono baadaye. Kazi ya kuosha ilichukua mkono kwanza. Na kazi ya kuosha aliiandika yeye.

Alikumbuka vizuri. Profesa alimwomba kila mtu abadilishe kazi zake zifuate mpangilio mmoja. Yeye akaona ni upuuzi. Katika kuosha, mkono ndio unaotangulia kwenda kwenye beseni, na mizani inahitajika mwishoni tu, kupima maji yaliyobaki. Kwa nini ashike mizani asiyoihitaji bado? Angeweza kuuliza, lakini kuuliza kulikuwa ni kufundishwa, tena na mtu anayetumia taulo zake. Akaandika anavyojua.

Karakana ilikuwa na desturi yake. Kila badiliko husomwa kwa sauti wakati wa chai ya asubuhi, mwandishi akiwa amesimama mbele ya mashine, na mwisho lazima aseme neno "kwa sababu" na kulimalizia. Bila hilo halikubaliwi. Mama Kiini ndiye aliyeianzisha. Badiliko lake la kuosha alilisoma siku ambayo Mkuu na Profesa walikuwa wamekwenda dukani kwa mteja kupima nafasi ya mashine, na haikuwa kwa bahati tu kwamba alichagua siku hiyo. Bwana Nati alimsikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kama anasikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine, akasema, "Mimi nimekubali, mradi hujagusa bolti zangu."

Sasa alihesabu mambo yalivyo, polepole, kama kawaida yake. Akirudisha semafori moja, hakutakuwa na kushikana tena. Kosa lake litazikwa lenyewe, bila yeye kusema uongo hata mmoja. Hakuhitaji kufanya lolote baya. Alihitaji tu kufanya alichoambiwa.

Upande wa pili wa chumba wifi yake alikuwa ameinamia karatasi zake, anapitia kazi ya kuchanganya mstari kwa mstari kwa mara ya tano au ya sita. Hakuwa amekunywa chai. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umepata chochote?" Mama Kiini alimuuliza.

"Sijapata, wifi. Nadhani sijui ninachotafuta." Akajaribu kutabasamu. "Wewe ungekuwa umeshaliona."

Mama Kiini alifunga daftari.

*

Jumatano asubuhi walisimama mbele ya mashine na vikombe vyao. Mkuu alikuwa ameegemea beseni. Mama Kiini alishika karatasi yake na kusoma kwa sauti yake ya chini, ile iliyowafanya watu wasogee karibu.

"Badiliko la kwanza: naondoa semafori ya mizani na semafori ya mkono. La pili: narudisha semafori moja ya mashine nzima. Kwa sababu."

Bwana Nati alifyonza chai yake kwa mlio.

Alikuwa ameandaa maneno. Kwa sababu mashine ilisimama. Yalikuwa ya kweli na yangetosha. Lakini miaka tisa alikuwa amewakatalia watu sababu za namna hiyo, akiwaambia kwamba hiyo ni habari, si sababu, na kuwarudisha mezani mbele ya wenzao. Aliwaona wakimngojea. Hata Bwana Nati angejua kwamba hiyo si sababu.

"Kwa sababu," alisema tena, na kuikunja karatasi yake. "Hapana. Sina sababu ya kuziondoa. Semafori mbili hazina kosa. Kazi ya kuosha inachukua mkono kabla ya mizani. Nimeiandika mimi. Karatasi ya ukutani inasema kinyume, na niliiona."

"Uliiona?" aliuliza Mkuu.

"Niliiona. Sikutaka kuifuata."

Wifi yake aliinua kichwa. Alitazama hewani sekunde chache, midomo ikihesabu, kisha uso wake wote ukafunguka, kama mtu aliyepata funguo mfukoni mwake mwenyewe. Hakumkasirikia hata kidogo. Alikuwa amefurahi tu kuelewa, na Mama Kiini, ambaye alijiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Ni kubadilishana mistari miwili tu," alisema yule binti.

"Miwili tu."

Waliibadilisha pale pale. Mashine ikachanganya na kuosha, ikachanganya na kuosha, makopo mia mbili hadi jioni, na haikusimama. Kabla ya kuondoka Mkuu alimwita Mama Kiini pembeni. Alikuna kidevu kwa muda.

"Nashukuru umesema. Lakini kiini nitakiacha kwa Profesa. Unaelewa."

"Naelewa, Mkuu," alisema, na alielewa. Hakukuwa na faraja yoyote katika kuelewa kule.

Mezani jioni ile mumewe alisubiri kwa shida hadi chakula kipakuliwe. "Haya, mashine yenu. Imepona?"

"Imepona, kaka," alisema wifi yake. "Wifi ndiye aliyeliona kosa. Kwa daftari na kalamu tu. Mimi nilikuwa nimeshapotea kabisa."

Akaendelea kula. Mama Kiini alingoja amalizie. Hakumalizia. Alikuwa ameiacha habari pale makusudi, mahali pazuri, ili mwenye kosa apite kichwa juu. Na wivu, ambao Mama Kiini alidhani umebaki karakanani, ukarudi na kukaa naye mezani. Hata wema binti huyu alikuwa anaujua kuliko yeye. Hata huo alikuwa ameufanya haraka, bila kuchora.

Mumewe alikuwa anamtazama yeye sasa, kwa macho aliyoyangoja miaka mingi. "Mke wangu," alisema. "Kumbe wewe ndiye wewe. Kosa lilikuwa la nani?"

Wifi yake aliinamia sahani.

"Langu," alisema Mama Kiini. Kisha akavuta karibu daftari lililokuwa kando ya bakuli, akatafuta ukurasa wa jedwali, akampa mumewe kalamu. "Njoo huku nikuonyeshe. Na leo usisinzie."