Jino la Maji ya Bahi

Sisi tuliokua tukinywa maji ya kisima cha kwetu, Bahi, meno yetu yana madoa ya kahawia. Watu wa mjini hutucheka. Wacheke tu. Mama alikuwa na meno hayo, dada yangu Yudith vilevile. Njaa ilipowazoa wote nikabaki mimi, nikifua nguo za Wajerumani karibu na stesheni ya Dodoma. Kila asubuhi, kabla ya kutia sabuni, nilitabasamu juu ya beseni la maji, nikamwona mama. Upweke una vituko vyake.

Kisha jino langu la mbele likaoza likatoboka, na kwenye beseni akawa ananitazama mwanamke nisiyemjua.

Daktari wa meno aliyekuja na treni nilimfulia mashati, naye akaamua kunizibia jino kwa hisani. Alikoroga unga kwenye kipande cha kioo, akaziba, akanipa kioo nijitazame huku akitabasamu kwa kujisifu. Penye tundu palikuwa peupe pe, kama punje ya wali iliyobaki kwenye meno.

"Litoe," nikasema.

Athuman, mkalimani wake kutoka Kondoa, akashtuka. "Raheli, dada yangu, shukuru! Bwana anasema hata hayo mengine anaweza kuyasugua uchafu yakang'aa."

"Mwambie mwacha asili ni mtumwa. Mwambie huo uchafu ndio uso wa mama yangu. Kaburi lake sina, nguo yake sina. Nina meno haya." Hasira ilinipanda, na machozi nayo yakaja bila kualikwa.

Athuman alitafsiri polepole. Daktari akaniinamia tena. Akauchokonoa ule weupe wote, akafungua kisanduku kingine, akachanganya unga upya. Ukatoka wa njano mno, akaumwaga. Akaongeza kahawia, akaulinganisha na meno yangu, akaziba. Mwisho akachukua brashi nyembamba, akachora mstari kama ule wa jino lililo jirani. Nilipotazama kioo sikujua tena lipi lilikuwa bovu.

"Haya, nenda ukawaonyeshe nyumbani," Athuman akasema kwa furaha.

Alinitakia mema, maskini. Nikaenda, nikajaza beseni, nikalivuta mlangoni penye mwanga. Maji yalipotulia nikatabasamu, naye akatabasamu, mzima, na mstari wake.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia.

Niliinama pale mpaka mgongo ukauma, nikisubiri aitikie.