Doa Kando ya Nyonga

Wewe umewahi kuiona mifupa yako ikiwaka? Mimi Tukinem, mchora batiki wa mji wa Solo, nimeiona.

Nyonga ya kulia ilikuwa imeniuma miezi minne. Miaka sita nyuma nilikatwa titi kwa saratani, kwa hiyo mimi na binti yangu Wening tulikuwa na hofu moja, na hakuna aliyeitaja. Daktari Palupi alipouliza nataka matibabu yanipe nini, nikasema sitaki kitu.

Nikadungwa dawa ya mionzi, ile inayokimbilia mfupa wenye shida, nikaambiwa ninywe sana, nisubiri kwa muda wa saa tatu. Nikanywa chai ya sukari, nikaenda chooni mara tano, kisha nikalala kwenye mashine ya picha na batiki yangu nzuri kiunoni.

"Bibi, vaa gauni la hapa," fundi wa mashine alisema.

"Hilo lenye mgongo wazi? Livae wewe!"

Daktari akatuita tuione picha. Magoti yaling'aa, kidole gumba cha kulia, nyonga, na kando ya nyonga doa moja kali. Wening akanibana mkono.

Daktari hakuwa na haraka. "Bibi, kazini unakaaje?"

"Kwenye kigoda kifupi, kalamu ya nta mkononi. Mwaka wa hamsini huu."

"Hata gumba linasema. Tazama, mng'ao umekaa pande zote mbili za kiungo. Huku ni kusagika. Ule ugonjwa haufuati kazi ya mtu hivi."

"Na hili doa?" Wening akauliza.

Daktari akaacha picha, akatazama nguo yangu. "Chooni ulijitawaza kwa kata na ndoo?"

"Sasa nijitawaze kwa nini, kwa gazeti?"

Akacheka. "Dawa inatoka na mkojo, Bibi. Vua batiki, oga, turudie."

Nikavaa lile gauni, mgongo wazi, fundi akaangalia ukutani kwa adabu. Doa halikuwepo! Kisha daktari akailaza batiki peke yake kwenye mashine, nayo ikawaka palepale penye pindo lililorowa chooni. Mimi huona tone la nta lililokosea nikiwa mlangoni, lakini jicho la yule daktari! Amesoma mifupa, choo na kigoda changu kwenye picha moja.

Wening alikuwa analia na kucheka.

"Haya, Bibi," daktari akasema, "bado hutaki kitu?"

"Nataka," nikasema. "Nataka kurudi kwenye kigoda changu."