Pitisha Kidole Kwanza

Sipendi mtu aguse jenereta langu. Majirani nimewaambia, mafundi nimewaambia, na mkwe wangu nilimwambia mara mbili, kwa sababu ni mwalimu wa historia, na watu wa historia wakiona kitu cha zamani mikono inawawasha.

Jenereta lenyewe aliniachia marehemu mume wangu. Ni la dizeli, zito, linakaa kwenye kibanda chake nyuma ya jiko. Ukutani juu yake kuna mistari ya chaki. Kila saa moja ya kazi, mstari mmoja. Mistari ikifika mia, oili inamwagwa, filta inabadilishwa, ukuta unafutwa, tunaanza upya. Hesabu hiyo aliianzisha yeye, mimi nikaiendeleza, na tangu afariki, mwaka wa sita huu, hakuna mkono mwingine ulioandika pale.

Sasa, kipindi ninachokisimulia nilikuwa vitani na binti yangu. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimenifagilia banda zima, kuku mia mbili, wakabaki kumi na wawili na jogoo mmoja mwenye kiburi. Binti yangu akaona ndiyo nafasi. "Mama, umri umekwenda. Njoo ukae kwetu, chumba kipo." Chumba chenyewe nakijua. Kina zulia, kina pazia la maua, na ukikohoa watu watatu wanakuja kuuliza una nini. Nikamwambia nitahama siku nitakayoshindwa kuangua vifaranga wangu mwenyewe. Akasema, "Haya, tuone." Mtoto nimemzaa mimi, ulimi kautoa wapi kwingine?

Basi nikakusanya mayai themanini na manne, nikayaweka kwenye mashine ya kutotolesha iliyoko chumba cha wageni. Siku ya ishirini na moja iliangukia Jumamosi. Tukakubaliana kwa simu: vifaranga wakitoka, nabaki kwangu na hayo mazungumzo yanakwisha. Mayai yakiharibika, Jumamosi hiyohiyo anakuja na maboksi tufungashe.

Alhamisi, mayai yana siku kumi na tisa, watu wa umeme walikuwa wametangaza tangu jana yake kwamba wanabadilisha nguzo mtaani. Umeme hakuna, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni. Alfajiri nikaenda kibandani kuhesabu mistari. Tisini na minane.

Mtu mwingine angesema, aa, liwake tu, tutabadilisha kesho. Mimi sivyo nilivyofundishwa. Jenereta litafanya kazi mchana kutwa, mayai yananitegemea, halafu lizunguke na oili iliyochoka? Nikatoa filta mpya kabatini, nikatoa galoni la oili, nikafunga kitambaa kichwani.

Saa moja asubuhi mkwe wangu huyo mlangoni. Katumwa na mkewe, eti "kumsaidia mama". Kupeleleza, tuseme ukweli. Na alikuwa amevaa shati jeupe. Jeupe, jamani, kibandani!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Simama hapo mlangoni, na usiguse kitu."

Akasimama. Halafu akatoa daftari na kalamu mfukoni. "Naomba niandike, mama, unavyofanya. Nijifunze."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ila sikujua. Mimi mtu akiniandika ninachosema sisimamishiki tena. Nikaliwasha jenereta dakika tano oili ipate moto, nikalizima, nikalegeza nati ya chini. Oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi tii, na mimi nikaanza somo.

"Oili inazunguka humo ndani ya injini, Mwalimu, inaokota masizi na unga wa chuma. Kazi ya filta ni kuyakamata. Sasa filta ikijaa, haigomi. Ingekuwa inagoma afadhali, ungejua. Inaacha tu uchafu upite, injini inajisaga yenyewe polepole, na wewe umekaa unakunywa chai."

"Inaacha tu uchafu upite," akarudia huku akiandika.

Nikaifungua filta ya zamani, nikaitupa ndooni. Nikachukua mpya, nikapaka oili kidogo kwenye pete yake ya mpira. "Hii pete ndiyo inayozuia oili isivuje. Unazungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha unaongeza robo tatu ya mzunguko. Spana hapa haitakiwi. Spana ni ya watu wasiojiamini."

Akacheka, akaandika na hilo. Nikamimina oili mpya, nikapima kwa kijiti, safi kabisa. Nikafuta mistari ukutani kwa madaha. Saa mbili kamili umeme ukakatika, nikawasha, jenereta likaitika. Tukaingia ndani, nikamtengea chai, nikajiona mimi ndiye mimi.

Chai haikufika nusu. Mlio ukabadilika, ukakwama, kimya.

Nilikimbia, na magoti yangu haya. Kufika kibandani, sakafu yote ni oili! Taa nyekundu inawaka, jenereta limejizima lenyewe kwa kukosa oili. Nikarudi mbio chumba cha wageni kuangalia kipimajoto cha mashine. Thelathini na saba. Nusu digrii nzima imeshashuka. Nikaifunika mashine kwa mablanketi mawili, nikaacha matundu ya hewa tu, nikarudi kibandani nikiwa nimewaka.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mama."

"Basi umeangalia nini!"

Maskini ya Mungu. Alichukua magunia, akapiga magoti na lile shati lake, akaanza kukausha sakafu. Mimi nikaona oili inatoka kwenye filta, inachuruzika pembeni. Nikajua haijakazwa. Nikachukua nini? Spana. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nikaikaza mpaka ikakataa kuzunguka, nikamimina oili iliyobaki kwenye galoni, nikawasha. Oili ikaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Nikazima, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliona lile zulia. Niliona lile pazia la maua.

"Mama," akasema yule bwana kutoka chini, kwa upole kama anauliza njia. Alikuwa ameshika filta ya zamani. "Hii mpya ina pete ya mpira. Hii ya zamani mbona haina?"

"Haina kwa sababu ni ya zamani!"

Maneno yangu yakanirudia masikioni, nikayasikia yalivyo ya kijinga.

Mume wangu, kila alipotoa filta, kabla ya kuweka nyingine alipitisha kidole kwenye injini mahali filta inapokaa, duara zima, taratibu. Miaka yote nilikuwa namtania, "Unaipima injini homa?" Na baada ya yeye kuondoka nikawa nafanya vilevile, kila mara, bila kukosa. Isipokuwa asubuhi ile. Asubuhi ile mdomo ulikuwa unafanya kazi, mkono ukasahau.

Nikaifungua filta, kwa spana hiyohiyo ya wasiojiamini. Nikapitisha kidole. Pete ya zamani ilikuwa palepale, imegandia kwenye injini, nyeusi juu ya cheusi. Nilikuwa nimefunga pete juu ya pete, na mpira juu ya mpira haushiki hata ukaze na jeshi zima. Nikaibandua kwa kucha. Nilitamani ardhi ipasuke nijitumbukize.

"Kwenye maelezo," Mwalimu akasema huku akifunua daftari, "pete ya zamani haikutajwa."

"Haikutajwa," nikasema. "Iandike sasa. Na oili imekwisha."

Hakungoja nimtume. Alitoka mbio na viatu vya darasani, mpaka duka la vipuri la barabara ya pili, akarudi na galoni begani, shati limekuwa na ramani ya dunia nzima. Kipimajoto kilikuwa thelathini na tatu. Nikaifunga filta, safari hii kwa mkono. Tukamimina, tukapima, tukawasha. Tukainama wote wawili, vichwa vinagusana, tunatazama chini ya filta. Pakavu. Tukangoja dakika kumi tukiwa tumeinama vilevile. Pakavu.

"Utamwambia mkeo?" nikauliza.

"Nimwambie nini?" akasema. Akaichukua ile pete ya zamani, akaitia mfukoni.

Ijumaa sikula kitu cha maana. Mashine huruhusiwi kuifungua siku hizo za mwisho, kwa hiyo nilikuwa naweka sikio tu. Kimya. Nikaanza kujisemea kwamba chumba chenye zulia si kibaya, watu wengine hawana hata mkeka. Nilikuwa najidanganya na nilijua najidanganya.

Jumamosi alfajiri nikaweka sikio tena. Pi. Nikasema masikio ya uzee hayo. Pi, pi. Nikapiga magoti pale sakafuni, nikalia kama mtoto, sioni haya kusema.

Binti yangu alifika saa tatu na mumewe, na maboksi kumi na mawili. Akafika kwenye kioo cha mashine, akasimama. Walikuwa wamejaa mle, wengine wamelowa, wengine wameshakauka wanakanyagana. Tulipokuja kuwahesabu baadaye walikuwa sitini na mmoja.

"Hongera, mama," akasema. Kisha akageuka. "Ila Alhamisi kulitokea nini? Shati la huyu nimelifua mara tatu. Na mfukoni nimekuta pete ya mpira."

Nikamtazama mkwe wangu. Wala hakupepesa macho. "Ni mimi," akasema. "Nilimsaidia mama kubadilisha filta, nikasahau kutoa pete ya zamani. Oili ikamwagika. Mama ndiye aliyeokoa."

Alinipa ushindi, mzima mzima, kwenye sinia. Ningekaa kimya tu, ningekuwa nimebaki kwangu. Na nilijaribu kukaa kimya, wallahi, nilijaribu.

"Muongo mkubwa wewe!" nikapiga kelele. "Hakugusa kitu! Nilimkataza! Ni mimi niliyesahau, nilikuwa napiga mdomo, na yeye ndiye aliyeona. Bila yeye hapa pangekuwa na mayai viza themanini na manne. Haya, ndiyo hivyo. Kama ni maboksi, yalete nifungashe."

Binti yangu akakaa juu ya boksi, akaanza kucheka. Halafu nikaona anafuta macho.

"Mama, mimi sikuwahi kuogopa kwamba utakosea," akasema. "Niliogopa utakosea na hakuna mtu mlangoni."

Nikamwambia mumewe anyanyue yale maboksi, tukayatandika karatasi, tukawawekea vifaranga. Yalitosha vizuri kabisa.

Jioni kabla hawajaondoka nilikwenda kibandani, nikakuta ukuta mtupu. Katika vurugu ile ya Alhamisi sikuandika hata mstari mmoja, na sasa hesabu imenipotea. Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu, amesimama mlangoni, hajagusa kitu. Akafunua daftari.

"Saa tisa za kazi, mama. Niliandika."

Nikamtazama. Nikachukua chaki kwenye kopo, nikampa.

"Ingia, mwanangu," nikamwambia. "Chora mwenyewe."

Akachora tisa. Nikamwambia imepinda yote, ualimu wenyewe sijui kaupataje. Lakini sikuifuta.