Ganda la Mzinga la Bi Razija

Bi Razija aliniletea ganda la mzinga, lile kopo la shaba linalobaki kombora likisharushwa, akiwa amelifunga kwa taulo. Alitaka kitu kimoja tu: kitako cha ganda kilikuwa kimelegea, nikilehemu. Alhamisi watu wa makumbusho wangekuja dukani kwangu kulichukua, likae nyuma ya kioo pamoja na vitu vingine vya Sarajevo ya miaka ya kuzingirwa.

Mwanawe Nermin ndiye aliyelituma nyumbani kutoka handakini, majira ya baridi ya pili ya vita. Alikuwa amekwaruza kwa msumari majina ya wenzake wanne, na chini yake: "Mama, tia miavuli humu. Mimi sijambo." Siku tisa baadaye aliuawa. Bi Razija alitia miavuli kwa miaka ishirini na mitatu.

"Fundi Rusmir," aliniambia, "maandishi usiyaguse."

"Siyagusi, mama."

Nilikuwa nasema kweli. Lakini katika mtaa wetu wa wafua shaba, shaba chafu haitiwi moto. Baba alinifunza hivyo, nami nimeyafanyia hivyo mamia ya maganda tunayoyachora na kuwauzia watalii: kwanza tindikali, kisha maji, kisha gurudumu la kung'arishia. Nilikusudia kusafisha kitako peke yake. Nilikichovya, nikakisuuza, nikakigusisha kwenye gurudumu. Mikono ikaendelea ilivyozoea. Nililipandisha ganda gurudumuni hadi kwenye mdomo wake wa juu, nikiwaza mambo yangu. Nilipozima mashine liling'aa kama jipya, na alama za msumari, zilizokuwa nyembamba kama unywele, hazikuwapo.

Alhamisi Bi Razija alipofika, nilimwambia kosa langu kabla hajaketi. Alivaa miwani, akaligeuzia ganda dirishani, akalipapasa pole pole kwa kidole gumba, mstari mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anasoma. Vildana, mwanamke aliyetumwa na makumbusho, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna picha yoyote ya maandishi hayo.

"Binti yangu, nani hupiga picha kitu anachokiona kila siku?"

Vildana akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba maganda yasiyo na maandishi wanayo mengi, na stoo imejaa. Nikasema ninakumbuka kila neno na mahali pake, naweza kuyarudisha yote.

"Kwa mwandiko wa nani?" akauliza Bi Razija.

Alivua miwani, akaifuta, akainuka.

"Liuze tu, fundi. Sasa ni kama hayo mengine."

Akaliacha mezani.

Nimeliweka rafuni. Kuliuza siwezi. Kuliondoa naogopa, maana atadhani nimeliuza. Kila akienda sokoni husimama nje ya kioo cha duka langu, hulitafuta kwa macho mpaka alione, kisha huenda zake bila kunisalimu.