Kiti Kilichokwisha Kugawanywa

Wazee wa ukoo walikaa Jumapili, wakala, wakakubaliana: safari hii kiti cha wadi ni cha Mogire. Kwetu huku Ogembo, wazee wakishakubaliana, watu huona kura yenyewe ni kutia sahihi tu. Ujinga mtupu, lakini nani atawaambia?

Dada yake Mogire, Celestine, hufundisha siasa chuoni Kisii mjini. Huyo amesoma kweli. Hata salamu yake ina utangulizi na hitimisho. Siku ya uchaguzi huo mdogo, redio ilimwalika aeleze kwa nini Wazungu wengi hawajitokezi kupiga kura. Alikuwa amejiandikisha huku kwetu, kwa hiyo asubuhi alimpigia ndugu yake simu: "Nikimaliza tu, nakuja."

Mimi nilipiga kura mapema, nikarudi shambani. Majirani walikuwa bado wanachuma chai, redio iko wazi. Celestine akasema kwamba huko Uingereza, pale mshindi anapojulikana mapema, watu hukaa nyumbani, kila mmoja akidhani mwenzake ataenda. Wakacheka sana.

"Wavivu hao!" akasema Nyangate, huku akijaza kikapu.

"Na wewe umepiga?" nikamuuliza.

"Aa, si Mogire ameshapita? Lori la kiwanda haliningoji."

Nilimkemea mpaka koo likakauka. Wapi! Redioni nako wasikilizaji walizidi kupiga simu. Jua likiwa limeshaanza kushuka, mtangazaji akamwomba Celestine aongeze saa moja, naye akakubali. Moyoni alijua ndugu yake ameshapita.

Mogire alishindwa kwa kura chache mno. Inaniuma hadi leo.

Kesho yake Celestine alifika kwa mama yao, akanikuta nimekwenda kuwapa pole. Hata hakuketi.

"Mama, haya mambo hutokea. Hata Ujerumani, utafiti unaonyesha..."

"Celestine," mama akamkatiza, pole pole tu. "Jana ndugu yako alisimama kwenye geti la shule mpaka jioni. Walipotaka kufunga kituo cha kura, aliwasihi wangoje kidogo. Akawaambia, dada yangu yuko njiani."

Celestine aligeukia mlango wa chumba cha ndani, akaita, "Mogire?" Akaita tena, sauti ikikatika. Tulimsikia Mogire akijigeuza kitandani.