Siku Ploti Yetu ya Mwiki Ilipotikisika

Jumatano jioni Wamalwa alirudi kutoka kazini amevaa jaketi ya reflekta, uso umekazana kama wa mtu aliyekabidhiwa nchi. Kiwanda cha biskuti anachofanyia kazi, kule Eneo la Viwanda Thika, kilikuwa kimempeleka kwenye mafunzo ya nusu siku kuhusu tetemeko la ardhi. Mwishoni walimpa cheti, soda na filimbi. Soda aliimaliza hukohuko. Filimbi aliipuliza alipofika mlangoni kwake, kwa nguvu zote, na mkewe Nekesa akaangusha mwiko ndani ya sufuria ya sukuma.

"Baba Mitchell! Kichwa kiko sawa?"

"Hapo ungekuwa umeshakufa," Wamalwa akamwambia kwa upole. "Ulitakiwa uwe chini ya meza."

Waliishi ghorofa ya tatu katika ploti moja ya Mwiki, jengo la vyumba vya kupangisha, pamoja na binti yao Mitchell na majirani wengi ambao hadi siku hiyo walikuwa hawajawahi kuwaza kwamba ardhi inaweza kutikisika. Wamalwa aliwawazisha. Alipita mlango kwa mlango, cheti mkononi, akikagua. Chini kabisa alimkuta Kaluki, muuza chapati, akamwambia ashushe gunia la unga lililokuwa juu ya kabati.

"Nikilishusha niliweke wapi?" Kaluki akauliza.

"Chini, Mama. Kitu kizito kikae chini."

"Chini ndiko ninakolala."

Wamalwa akatafakari. "Basi lala juu ya unga," akasema, akaenda zake.

Ijumaa aliita mkutano juu ya paa, katikati ya nguo zilizoanikwa. Watu walikuja, maana Njau, anayetunza ploti, alikuwa amewaambia ni mkutano wa maji. Walipogundua sivyo, Wamalwa alikuwa ameshasimama mbele ya ngazi, hakuna pa kupita.

"Sikizeni. Filimbi ya kwanza, ardhi inatikisika. Usikimbie! Wengi huumia wakikimbia. Ingia chini ya meza, funika kichwa na shingo, shika mguu wa meza, tulia. Filimbi ya pili, mtikisiko umeisha. Zima gesi, vaa viatu, beba begi lako la dharura, shuka pole pole, tukutane uwanjani. Kwa begi weka maji, tochi, dawa, kitu cha kula na kopi ya kitambulisho."

"Na asiye na meza?" mtu akauliza.

"Apige magoti kando ya ukuta wa ndani, mbali na dirisha."

"Na ikinipata chooni?" akauliza Njau.

Hilo halikuwa kwenye mafunzo. "Nitauliza kazini," Wamalwa akasema.

Zoezi lilipangwa Jumamosi saa kumi jioni. Saa ilipofika, Wamalwa alisimama kwenye korido ya ghorofa ya tatu, akavuta pumzi, akapuliza. Ploti nzima ikasikika ikiburuta viti na kuingia chini ya meza. Mtu mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha. Wamalwa alitazama saa yake akihesabu hadi sitini, na moyo ulimjaa fahari kiasi kwamba alijiona tayari yuko mbele ya rais akipewa medali.

Alipofika arobaini na mbili, nyumba ikatikisika kweli.

Vioo vililia, ndoo ikabingirika ngazini, na kutoka chini Kaluki akapiga yowe: "Woi! Limekuja lenyewe!"

Milango yote ikafunguka kwa pamoja. Wamalwa alitaka kupiga kelele kwamba warudi chini ya meza. Alikusudia hivyo kabisa. Lakini miguu yake haikumngoja akate shauri. Ilishuka ngazi tatu tatu, ikampita Njau aliyekuwa akifungua geti, na ikamfikisha barabarani kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyuma yake ploti nzima ilimwagika. Kaluki alikuwa na karai kichwani kama helmeti. Mzee mmoja alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja. Njau alikumbatia mtungi wa gesi, kwa kuwa alisikia habari za gesi lakini hakusikia vizuri.

Walikimbilia uwanjani, walivyoelekezwa. Kitu ambacho Wamalwa hakukagua ni kwamba uwanjani siku hiyo kulikuwa na krusedi, mkutano wa injili.

Mchungaji alikuwa ameita watu waje mbele kwa saa nzima na hakuna aliyeinuka. Sasa akafumbua macho, akaona umati unakuja mbio, mikono shingoni, wengine wakilia.

"Naona wanakuja!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Wafungulieni njia! Njooni na mizigo yenu hivyo hivyo!"

"Pastor, hili ni tetemeko!" Wamalwa akapaza sauti.

"Tetemeko la rohoni!" mchungaji akaitikia, na mpiga kinanda akaongeza sauti.

Haikuwezekana kueleza zaidi. Mashemasi waliwashika majirani vichwa mmoja mmoja. Kaluki, Mkatoliki tangu kubatizwa, aliombewa mara tatu, na karai likaombewa mara moja. Njau alipoambiwa auweke chini mzigo wake, aliukumbatia mtungi zaidi, wakaleta shemasi wa pili.

Wamalwa alijipenyeza akihesabu. Ploti ilikuwa na watu thelathini na tisa. Alipata thelathini na wanane. Akarudia, akapata hao hao. Ndipo Mitchell akamvuta jaketi.

"Baba, mama hajatoka."

Alirudi mbio zaidi kuliko alivyokuja. Nyuma ya ploti, kwenye kiwanja kinachojengwa, aliliona lori limeinua bodi, na chini yake mlima mpya wa mawe. Dereva alimpungia mkono. Wamalwa akaelewa kilichotikisa nyumba, lakini hakusimama. Alipanda ngazi akiita jina la mkewe mpaka sauti ikakauka.

Nekesa alikuwa chini ya meza, mto kichwani, mkono mmoja umeshika mguu wa meza. Mkono wa pili ulikuwa kwenye begi la dharura, akila njugu.

"Mbona hukutoka?"

"Nangoja filimbi ya pili."

"Lakini nyumba ilitikisika!"

"Ndiyo nikashika meza kabisa. Si ulisema tusikimbie?" Alitafuna kidogo. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nawaongoza."

"Nilisikia ukiongoza. Nilidhani ni ndoo nyingine inaanguka."

Wamalwa alikaa sakafuni. "Niliogopa, Mama Mitchell," akasema.

Nekesa akasogea, akampa nafasi. Mwanamume mrefu vile alijikunja akaingia chini ya meza, magoti yakabaki nje, wakala njugu pamoja.

Waliporudi uwanjani, mchungaji alimpa Nekesa kipaza sauti atoe ushuhuda. Akautoa. Alisema ni lori la mawe tu, lakini lingekuwa tetemeko, watu thelathini na wanane wangekuwa ngazini wakikanyagana. Kisha akawafundisha wote, hatua kwa hatua. Walioketi wakapiga magoti na kufunika vichwa kwa viti vya plastiki, naye mchungaji, suti na yote, akaingia chini ya meza ya kinanda na kukataa kutoka mpaka aambiwe.

Jumapili ploti ilimchagua Nekesa mwenyekiti wa usalama kwa kura zote, ya Wamalwa ikiwemo. Amri yake ya kwanza ilikuwa kabati zote zipigiliwe ukutani, na fundi wa kupigilia awe mume wake. Jumatatu Wamalwa alikwenda Thika na kidole gumba kimefungwa bandeji nene. Msimamizi alipomuuliza hali ya nyumbani, alijibu kwamba kila mtu yuko salama, yeye tu ndiye majeruhi.